Duke of Gloucester: Historia ya Injini ya Mvuke Iliyofufuliwa Kutoka Kwenye Chuma Chakavu

Uingereza, nchi ambayo mwaka 1825 ilifungua reli ya Stockton na Darlington, reli ya kwanza ya umma kutumia injini za mvuke, ndiyo pia nchi ambayo mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua reli ndogo ya Talyllyn huko Wales na kuiendesha wenyewe ili isifungwe, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika kwingine kokote duniani. Katika miaka iliyopita kati ya matukio hayo mawili injini ya mvuke ilikua, ikatawala usafiri wa nchi kavu na kuanza kuzeeka. Baada yake ikafuata historia nyingine, fupi zaidi lakini yenye mafunzo mengi, ya kuzihifadhi na kuzifufua injini ambazo wenye reli walikwisha kuzitupa. Historia hiyo ya pili mara nyingi husimuliwa kama habari ya mapenzi ya watu kwa vitu vya kale, na mapenzi hayo ni ya kweli. Hata hivyo, inapotazamwa kwa makini injini moja, yenye namba 71000 na jina Duke of Gloucester, hudhihirika kwamba ufufuaji ni njia ya kutafuta elimu pia, kwa kuwa mafundi walioijenga upya kutokana na mabaki yake waligundua kasoro ambazo hazikuonwa ilipokuwa kazini, wakazirekebisha, na kuipa uwezo ambao haikuwa nao siku ilipotoka kiwandani.

Asili ya injini hiyo iko katika mabadiliko yaliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Tarehe 1 Januari 1948 kampuni kubwa nne za reli za Uingereza zilitaifishwa na kuunganishwa kuwa shirika moja, British Railways, lililorithi maelfu ya injini za aina nyingi mno, nyingi zikiwa zimechakaa kwa kazi ya vita. Mhandisi Robert Riddles, aliyekabidhiwa usimamizi wa mitambo ya shirika hilo, aliona kwamba nchi yenye makaa ya mawe yake yenyewe, na isiyo na fedha za kigeni za kununulia mafuta, ilipaswa kuendelea na mvuke mpaka itakapomudu kuzitia reli zake umeme. Kwa hiyo yeye na wasaidizi wake walibuni jamii ya injini zilizosanifiwa kwa pamoja, yaani zenye vipuri na vipimo vinavyofanana kadiri ilivyowezekana, ili karakana yoyote nchini iweze kuzitengeneza. Kati ya mwaka 1951 na 1960 ziliundwa injini 999 za jamii hiyo, zikiwa za aina 12, na ya mwisho kati ya hizo, Evening Star, ilitoka katika karakana ya Swindon mwaka 1960.

Katika aina hizo 12, moja ilikuwa na injini moja tu. Riddles alitamani kuunda injini kubwa ya kuvuta treni nzito za haraka, lakini injini za namna hiyo zilizorithiwa kutoka kampuni za zamani zilikuwa bado zinatosha, na ombi lake halikuwa na nguvu. Nafasi ilipatikana kwa njia ya msiba. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 1952 treni tatu ziligongana katika stesheni ya Harrow na Wealdstone, kaskazini magharibi ya London, na watu 112 wakapoteza maisha yao. Miongoni mwa injini zilizoharibika ilikuwamo Princess Anne, ambayo ilikuwa imejengwa upya miezi michache tu kabla ya ajali, na ambayo ilionekana haifai tena kutengenezwa. Pengo lililoachwa na injini hiyo ndilo lililompa Riddles idhini ya kuunda injini moja ya majaribio, nayo ikakamilika katika karakana ya Crewe mwaka 1954.

Duke of Gloucester ilikuwa na magurudumu manne madogo ya kuongoza mbele, sita makubwa ya kuvuta katikati, yenye kipenyo cha futi 6 na inchi 2, na mawili ya kubeba uzito nyuma chini ya tanuri. Boila yake, yaani chombo kikubwa ambamo maji huchemshwa kuwa mvuke, ilifanya kazi kwa shinikizo la pauni 250 kwa kila inchi ya mraba, na mvuke huo ulisukuma pistoni katika silinda tatu, mbili za nje na moja ya ndani. Upekee wake ulikuwa katika vali, ambazo ni milango inayoruhusu mvuke kuingia katika silinda na kutoka. Injini nyingi za Uingereza za wakati huo zilitumia vali inayoteleza mbele na nyuma, ambayo huingiza mvuke na kuutoa kwa mwendo mmoja, hivi kwamba mhandisi hawezi kurekebisha uingizaji bila kuuvuruga utoaji. Duke of Gloucester ilipewa mtambo uliotokana na uvumbuzi wa Mwitaliano Arturo Caprotti, wenye vali zinazofunguliwa na kufungwa na kamu, yaani vipande vya chuma vyenye nundu vinavyozunguka pamoja na shafti, kama ilivyo katika injini ya gari. Mtambo huo ulitenganisha uingizaji na utoaji, ukaufanya mvuke uliokwisha kutumika utoke upesi bila kuizuia pistoni.

Majaribio yaliyofanywa katika kituo cha Swindon, ambako injini iliendeshwa ikiwa imesimama juu ya magurudumu ya kupimia, yalionyesha matokeo mawili yasiyopatana. Silinda na vali zilifanya kazi kwa ufanisi wa hali ya juu, lakini boila haikuweza kuzalisha mvuke wa kutosha kuzilisha silinda hizo injini ilipotakiwa kutoa nguvu nyingi. Njiani hali ilikuwa ileile: madereva na wapiga makaa waliona kwamba injini inakula makaa kupita kiasi na kuishiwa mvuke mlimani, wakaikwepa, na sifa yake ikaharibika. Nayo kwa kuwa ilikuwa ya pekee, haikuwa na dada zake ambazo zingewalazimisha wakubwa watafute chanzo cha tatizo. Mwaka 1955, mwaka mmoja tu baada ya kukamilika kwake, serikali na shirika la reli zilitangaza mpango wa kuzifanya reli ziwe za kisasa kwa injini za dizeli na umeme, na tangu hapo fedha na akili za wahandisi zikahamia huko. Mwaka 1962 Duke of Gloucester iliondolewa kazini, ikiwa na umri wa miaka minane, ilhali injini ya namna yake ilitarajiwa kufanya kazi miongo kadhaa.

Hatima yake baada ya kustaafishwa inaeleza jinsi taasisi za wakati ule zilivyoelewa maana ya kuhifadhi. Mwanzoni injini nzima ilichaguliwa iwekwe katika hazina ya taifa, lakini baadaye wahusika wakaamua kwamba kilichokuwa na thamani ya kihistoria ni silinda na mtambo wa vali peke yake. Silinda ya upande mmoja ikang'olewa pamoja na mtambo wake, ikapasuliwa ili wageni waone sehemu za ndani, ikawekwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London. Mwili uliobaki ukauzwa kwa uzito wa chuma. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga, kwa kuwa makumbusho haina nafasi ya kila kitu, lakini ulijengwa juu ya dhana kwamba mashine inaweza kueleweka kwa kipande chake kilicho bora. Tatizo la Duke of Gloucester lilikuwa katika uhusiano wa vipande, yaani namna tanuri, boila, silinda na bomba la moshi vilivyosaidiana au kukwamishana, na uhusiano huo hauonekani katika silinda iliyopasuliwa.

Mabaki hayo yalifika mwaka 1967 katika mji wa bandari wa Barry, kusini mwa Wales, kwenye uwanja wa chuma chakavu wa kampuni ya Woodham Brothers, ambao leo unatajwa katika kila historia ya uhifadhi wa reli za Uingereza. Mmiliki wake, Dai Woodham, alikuwa amenunua injini 297 kutoka shirika la reli, lakini alinunua pia maelfu ya mabehewa ya mizigo, na kwa kuwa mabehewa yalikuwa mepesi zaidi kukatwa, wafanyakazi wake walianza nayo na kuziacha injini zingoje siku kazi itakapopungua. Katika viwanja vingine injini zilikatwa ndani ya majuma machache. Barry zilisimama safu kwa safu kwa miaka mingi, zikiliwa kutu na hewa ya chumvi, huku vipande vya shaba vikinyofolewa. Mwezi Septemba 1968, mwezi mmoja baada ya shirika la reli kumaliza matumizi ya mvuke katika njia zake kuu, injini ya kwanza iliondoka hapo ikiwa imenunuliwa na wahifadhi, na hadi ya mwisho ilipoondoka mwaka 1990 zilikuwa zimeokolewa injini 213. Woodham alikuwa mfanyabiashara na hakudai kuwa zaidi ya hapo, lakini subira yake kwa watu waliokuwa wakichangishana fedha kidogo kidogo ndiyo iliyozipa reli nyingi za kihistoria za Uingereza injini zao.

Mwaka 1974 kundi la wapenzi wa reli liliinunua Duke of Gloucester. Wajuzi wengi waliiona kuwa injini isiyofufulika, na walikuwa na sababu nzuri za kusema hivyo. Injini nyingine za Barry zilikuwa na ndugu zao wa aina ileile, hivyo kipuri kilichokosekana kwa moja kiliweza kuazimwa kwa nyingine au kupimwa kutoka kwake. Injini hii haikuwa na ndugu, na sehemu zilizokosekana ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote kuundwa, yaani silinda na mtambo wa Caprotti. Waliojitwika kazi hiyo waliunda amana ya hisani, wakaipeleka injini Loughborough, katikati ya Uingereza, kwenye reli ya kihistoria ya Great Central, na kazi ikachukua miaka ipatayo 12 tangu siku ya ununuzi.

Ili kuelewa ukubwa wa kazi hiyo, inafaa kutazama namna silinda moja inavyopatikana upya. Mchoro wa asili hutafutwa kwanza katika kumbukumbu za karakana iliyoiunda, na ukipatikana husomwa pamoja na alama zilizoachwa kwenye fremu ya injini, kwa kuwa mafundi wa zamani walirekebisha mambo mengi kwa mkono bila kuyaandika. Kisha fundi seremala huchonga mfano wa mbao wenye umbo la silinda, akiuongeza ukubwa kidogo kila upande kwa sababu chuma kilichoyeyushwa husinyaa kinapopoa. Mfano huo hukandamizwa katika mchanga ili kupata kalibu, na ndani ya kalibu huwekwa viini vya mchanga uliogandishwa vitakavyoacha njia za mvuke. Chuma humiminwa kwa mara moja, huachwa kipoe polepole, kisha hupelekwa kwenye mashine ya kuchonga ambako tundu la pistoni hulainishwa kwa usahihi mkubwa. Mfano wenye kosa, kiini kilichosogea au hewa iliyonaswa katika chuma huweza kuiharibu kazi yote, na fundi hana budi kuanza tena. Ujuzi huo wa kusubu vyuma vikubwa ulikuwa unatoweka Uingereza wakati uleule wahifadhi walipouhitaji, kwa kuwa viwanda vilivyozoea kazi hiyo vilikuwa vinafungwa, na maagizo yao yaliwapa mafundi wachache waliobaki sababu ya kuendelea na kuwafundisha vijana.

Mtambo wa vali ulidai kazi ya namna nyingine. Umbo la kila kamu ndilo linaloamua vali ifunguke lini, kwa upana gani na kwa muda gani, hivyo tofauti ndogo sana hubadilisha tabia ya injini nzima, na ilibidi kila kamu ichongwe kwa vipimo vya waundaji. Kwa kulazimika kuhoji kila kipimo, na kwa kulinganisha michoro na chuma chenyewe, wafufuaji walifikia jambo ambalo hakuna aliyelitafuta wakati injini ilipokuwa kazini: injini ilikuwa na makosa ya uundaji.

Makosa hayo yalihusu hewa. Katika injini ya mvuke hakuna feni inayopuliza moto. Mvuke uliokwisha kutumika katika silinda huelekezwa juu kupitia bomba la moshi, na unaporuka kwa kasi huvuta pamoja nao gesi za moto kutoka katika chumba cha moshi kilicho mbele ya boila, hivyo huzaliwa ombwe linalozivuta gesi nyingine kupitia mabomba ya boila, na hatimaye kuivuta hewa safi iingie chini ya tanuri kupitia milango ya sanduku la majivu. Kadiri injini inavyofanya kazi kwa nguvu ndivyo inavyojipulizia moto wake, ilimradi njia yote ya hewa ni pana vya kutosha. Wafufuaji waligundua kwamba bomba la moshi la Duke of Gloucester lilikuwa dogo mno likilinganishwa na la injini nyingine za ukubwa wake, na kwamba milango ya kuingizia hewa chini ya tanuri ilitengenezwa midogo kuliko ilivyotakiwa. Moto ulikuwa ukinyimwa hewa pande zote mbili, makaa hayakuungua yakaisha, na mpiga makaa alilaumiwa, au injini ililaumiwa, kwa kosa lililotokea mezani na karakanani.

Milango hiyo ilirekebishwa, na baadaye injini ikawekewa mfumo wa kutolea mvuke uitwao Kylchap, jina lililounganisha majina ya wavumbuzi wake wawili, Mfini Kyösti Kylälä na Mfaransa André Chapelon. Mfumo huo huugawa mkondo wa mvuke katika hatua kadhaa ili uchanganyike vizuri na gesi za moto, na ndio uliokuwa katika injini ya Mallard ilipofikia mwendo wa maili 126 kwa saa tarehe 3 Julai 1938, rekodi ya injini za mvuke ambayo bado inatambuliwa. Duke of Gloucester ilianza kutembea tena kwa mvuke mwaka 1986, na mwaka 1990 ikarudi katika njia kuu za taifa, ikivuta treni nzito za abiria kwenye miinuko ileile iliyoishinda zamani. Injini iliyodharauliwa ikahesabiwa miongoni mwa zenye nguvu kubwa kuliko zote zilizohifadhiwa Uingereza.

Mafanikio hayo yanaleta swali ambalo kila mhifadhi hukutana nalo, yaani ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa. Wapo wanaoshikilia kwamba injini iliyobadilishwa bomba la moshi na kupewa silinda mpya si ile iliyotoka Crewe mwaka 1954, na hoja yao ina uzito, kwa sababu chuma cha asili ni ushahidi, na ushahidi ukishaondolewa haurudi. Lakini injini ya mvuke haikuwahi kuwa kitu kisichobadilika. Flying Scotsman, iliyoundwa Doncaster mwaka 1923 na kununuliwa na umma mwaka 2004 kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya Reli ya York, imebadilishiwa boila zaidi ya mara moja katika maisha yake, kama ilivyokuwa desturi ya karakana, na ukarabati wake uliokamilika mwaka 2016 uligharimu pauni milioni 4.2. Tornado, iliyokamilika Darlington mwaka 2008, iliundwa mpya kabisa kwa michoro ya injini ambazo zote 49 zilikwisha kukatwa, na hakuna anayeikataa kuwa injini halisi. Jibu la haki ni kwamba chuma cha asili kitunzwe pale kinapoweza kutunzwa, kila badiliko liandikwe wazi ili anayekuja baadaye alijue, na injini iliyo na uwezo wa kufanya kazi iruhusiwe kufanya kazi, kwa kuwa joto, mtikisiko, harufu ya mafuta na ustadi wa mpiga makaa ni sehemu ya historia ambayo haiwezi kuwekwa katika kabati la kioo.

Kazi hiyo haina mwisho. Uingereza boila ya injini ya kihistoria hufunguliwa yote kila baada ya miaka ipatayo 10, mabomba yake huondolewa, kuta za tanuri hupimwa unene, na chombo chote hujazwa maji na kushinikizwa kupita kiwango cha kazi kabla ya mkaguzi kuruhusu mvuke. Hivyo kila kizazi cha wahifadhi hukuta injini imerudi karakanani ikiwa vipande vipande, na hulazimika ama kujifunza upya yale waliyoyajua wazee wao au kuiacha isimame.

Mafunzo hayo yanaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1955, Duke of Gloucester ilipokuwa bado mpya, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilianza kuipelekea reli ya Afrika Mashariki injini 34 za daraja la 59, za aina ya Garratt, ambayo boila yake hubebwa katikati ya jozi mbili za magurudumu na silinda ili uzito usambazwe na treni ipite vizuri kwenye kona kali. Injini hizo zenye uzito wa tani zipatazo 250 zilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kuundwa kwa reli ya upana wa mita moja, zikabeba mizigo kutoka Mombasa hadi nyanda za juu za Nairobi, na zikapewa majina ya milima ya eneo hili. Mbili zimebaki katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: Mount Gelai na Mount Shengena, zote zikiwa na majina ya milima ya Tanzania. Zilikuwa kazi ya mikono ya madereva, wapiga moto na mafundi wa Kenya, Uganda na Tanganyika kama zilivyokuwa kazi ya wahandisi wa Manchester, na historia ya watu hao imo katika chuma hicho.

Duke of Gloucester inafundisha kwamba mashine ya kale hueleweka na anayethubutu kuifungua, kuipima na kuiendesha, na kwamba maelezo yaliyoachwa na waundaji hayatoshi bila mikono iliyozoezwa. Nchi inayotaka kuutunza urithi wa namna hii inapaswa kwanza kutunza michoro na daftari za karakana, kuandika ujuzi wa wazee waliofanya kazi hiyo wakiwa bado hai, na kuwaweka vijana karibu na mafundi kwa muda mrefu wa kutosha kurithi stadi hizo. Silinda iliyopotea inaweza kusubiwa upya, kama ilivyofanyika kwa injini hii, mradi wapo watu wanaojua namna ya kuisubu.